Dawa Ndani ya Friji Yangu

Jumatatu, 2 Machi

Gari limefika saa tatu kasorobo. Barua ilisema saa mbili. Dereva alishuka, akafungua lango la ua kana kwamba amelijua tangu utotoni, akapanda tena na kuliingiza gari kinyumenyume. Nilimwuliza kwa nini asiingie kwa mbele kama watu wengine.

"Mzee, tukiitwa tunatoka. Hatuna muda wa kuanza kugeuza."

Sipendi kufundishwa katika ua wangu.

Niandike jinsi mambo yalivyo. Kila msimu wa mvua mto hulifunika daraja la chini, na hospitali iko ng'ambo. Anayeugua upande wetu hulazimika kuzungushwa kwa daraja la juu, mwendo wa saa moja na nusu. Mwaka huu hospitali imeamua kuweka ambulensi upande huu hadi mvua zitakapokwisha. Walitafuta ua wenye lango pana na chumba chenye mlango wake. Mimi nina vyote viwili. Aliyenisukuma nikubali ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ninakaa naye tangu mwanangu alipopata kazi ya kujenga barabara mbali. Mkwe ana mimba, mwezi wa nane umeanza. Mimba ya kwanza ilimtoa damu nyingi baada ya kujifungua, naye alivushwa mtoni katika gari la mizigo. Yeye alipona. Mtoto hakuishi.

Kwa hiyo nilikubali.

Jumanne, 3 Machi

Mvua kidogo. Hakuna aliyepiga simu. Dereva alilala mchana na viatu vyake miguuni.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejua sababu ya viatu. Saa nne simu ililia, na kabla sijafika dirishani gari lilikuwa limeshatoka. Nilitazama saa: sekunde hamsini. Nilifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha kupiga chapa, nikisahihisha maandishi ya watu waliosema wana haraka. Sijapata kuona haraka isiyo na fujo.

Wako wawili. Mwanamke ni muuguzi, ana miaka arobaini hivi, na kila mtu humwita Sista. Dereva anaitwa Breki. Nilidhani ameitwa hivyo kwa sababu hana breki. Sista alinisahihisha: ni kwa sababu anafunga breki taratibu mno hata mgonjwa hajui gari limesimama.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimewaomba ruhusa nitazame ndani ya gari. Kila asubuhi Sista hukagua vitu vyote, hata kama jana halikutumika. Hagusi tu na kutia alama kwenye karatasi. Mtungi wa oksijeni anaufungua, anausikiliza, anaufunga. Mashine ya kufyonza mate na damu anaiwasha. Mfuko wa mpira wa kumpumulishia mtu asiyepumua anauminya mara mbili mbele ya shavu lake ili ausikie upepo. Machela, mablanketi, mbao za kufungia mfupa uliovunjika, vifaa vya kujifungulia ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa.

"Vipi ukikagua nusu tu?" nilimwuliza.

"Basi siku hiyo kitakachohitajika kitakuwa katika nusu nyingine."

Jibu hilo lilinipendeza. Sikumwambia.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa kwenye mlango wa chumba chao nikimsikiliza Breki akipokea simu. Nimekereka. Mtu anapiga, naye anamrukia: "Uko wapi?" Hakuna salamu.

Nilimwambia kwamba sisi tuliolelewa huanza na salamu.

"Mzee Kalamu," alisema (ndilo jina alilonipa, wala sikuombwa ruhusa), "salamu ni dakika nzima. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na babu wa watu keshakata roho akisubiri zamu yake."

Mkwe wangu alicheka hadi akashika kiuno.

Kisha Breki alinieleza kwa utulivu. Wanauliza mahali kwanza kwa sababu simu inaweza kukatika wakati wowote. Ukijua mahali bila kujua ugonjwa, utafika. Ukijua ugonjwa bila kujua mahali, utakaa na habari za ugonjwa. Baada ya mahali huuliza namba ya simu, ndipo kilichotokea, ndipo kama mtu anaitika na kama anapumua. Na anayepiga haruhusiwi kukata kabla hajaambiwa.

Nimeyaandika yote nyuma ya daftari hili.

Jumamosi, 14 Machi

Fundi aliyekuwa akiziba paa la jirani wa tatu ameteleza na kuanguka. Nilifika kwa miguu karibu sawa na gari, nikayaona kwa macho yangu. Watu walikuwa wamemwinua, wamemkalisha na kumwegemeza ukutani, na mama mmoja alikuwa akimmiminia maji mdomoni. Fundi hakuwa na fahamu. Maji yalikuwa yakitoka puani.

Sista hakupiga kelele. Alisema, "Mama, asante, nipe hicho kikombe nikushikie," akakipokea na kukiweka chini. Lakini kabla ya kumkaribia, yeye na Breki walikuwa wamesimama na kutazama juu: paa, ngazi, nyaya za umeme. Niliona ni uzembe. Baadaye Breki aliniuliza, "Mzee, ngazi imeegemea waya, nami nikaingia mbio, wagonjwa watakuwa wangapi?"

Walimlaza taratibu, mmoja akikishika kichwa ili shingo isipinde, wakafyonza yale maji. Jioni tuliambiwa kwamba atapona, ila ana maji kifuani.

"Asingenyweshwa angekuwa na mguu uliovunjika tu," Sista alisema, akivua glavu. "Watu wetu wana huruma, Mzee. Huruma bila maarifa ni mzigo mwingine ndani ya gari."

Jumanne, 17 Machi

Mwanamke mmoja wa kule juu amejifungua nyumbani na kutoka damu. Walimpa vidonge vya akiba na kumvusha hadi hospitali. Ni mzima. Vidonge vimekwisha, Sista ameomba vingine.

Mkwe wangu aliuliza mambo mengi kuhusu mwanamke huyo. Niliingia ndani. Si mazungumzo ya baba mkwe.

Ijumaa, 20 Machi

Vidonge havikupatikana. Hospitali imeleta chupa sita ndogo za sindano ya kuzuia damu baada ya uzazi. Sindano hiyo lazima ikae kwenye baridi, na chumba chao hakina friji. Sista alikuja mlangoni na kijisanduku mikononi.

"Mzee, nakuomba nafasi. Rafu ya katikati, isiguse ukuta wa nyuma. Umeme ukikatika usifungue mlango, nipigie simu. Wala usikisogeze."

"Nimewahi kukisogeza kitu cha mtu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ameweka kipimajoto karibu na kijisanduku, na kila asubuhi saa mbili atakuja kukisoma. Vilevile amepanga kwamba mkwe wangu avuke Jumatatu ya tarehe 6 Aprili, akasubiri uchungu katika chumba cha wajawazito kilicho karibu na hospitali. Chupa hizi ni za mtu yeyote, alisema, lakini alipokuwa akisema alimtazama mkwe wangu.

Jumapili, 22 Machi

Somo la kifua. Sista ameweka mto wa kochi sakafuni na kutufundisha kumbonyeza mtu ambaye moyo umesimama: katikati ya kifua, mikono imenyooka, haraka kuliko mara mia kwa dakika.

"Mzee, unambembeleza. Bonyeza!"

"Nitamvunja mbavu."

"Mbavu huunga. Maiti haiungi."

Nilibonyeza hadi kitambaa kikaachia ushonaji. Mkwe, ambaye ni fundi cherehani, alisema mgonjwa huyu ni wake sasa.

Nimejifunza pia kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Hutumiwa vidole viwili, si dole gumba, kwa sababu dole gumba lina mapigo yake, na mtu anaweza kukaa akijihesabu mwenyewe na kuandika kwamba maiti ni mzima.

Jumanne, 24 Machi

Mvua kubwa, na mfereji wa paa umevunjika. Umeme ulikatika saa saba mchana. Sista na Breki walikuwa wametoka kwa mzee mwenye pumu, na simu ya Sista haikuita. Nilifikiri. Maandishi kwenye kijisanduku yanasema kiwekwe penye baridi. Friji isiyo na umeme hupoteza baridi, lakini sehemu ya barafu hukaa nayo muda mrefu zaidi. Nikakifunga kijisanduku kwa taulo na kukiingiza kwenye barafu. Niliona nimefanya zaidi ya nilivyoagizwa.

Umeme ulirudi saa kumi. Wakati huo nilikuwa juu ya ngazi nikifunga mfereji kwa waya.

Jumatano, 25 Machi

Nimeamka na kukumbuka kijisanduku. Chupa zilikuwa ngumu kama mawe. Nilikirudisha rafu ya katikati, na kabla ya saa mbili zilikuwa zimeyeyuka, maji maangavu kama zamani. Sista alikisoma kipimajoto, akaandika, akaondoka. Hakuna kilichoharibika.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Mto umefika nguzo ya pili ya daraja. Simu mbili, zote za homa.

Jumatatu, 30 Machi

Saa nne asubuhi Sista alikuwa akinywa chai barazani, nami nilikuwa nikimwuliza maswali yangu. Nilitaka kujua ile sindano hufanya nini. Alinionyesha kwa ngumi. Tumbo la uzazi, baada ya mtoto kutoka, hujikunja hivi, na kwa kujikunja huibana mishipa iliyokuwa wazi. Lisipojikunja, damu hutiririka kama bomba lisilofungwa. Sindano hulifanya likunje ngumi. Mtu anaweza kumalizika kwa saa mbili, akisema na watu hadi dakika ya mwisho.

"Na kwa nini baridi?"

"Joto huidhoofisha. Lakini isigande pia. Ikiganda hatuiamini tena. Ubaya wake ni kwamba ikiyeyuka haina alama. Ukiitazama ni ileile."

Nilikiweka kikombe changu chini. Nilisema chai imepoa. Nikaingia ndani.

Sikumwambia. Ninaandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuelewa. Nilielewa papo hapo. Nilikaa kitandani nikajiambia: kesho. Nikajiambia labda hazikuganda sawasawa. Zilikuwa ngumu kama mawe. Nimeliandika neno hilo mwenyewe tarehe 25.

Jumanne, 31 Machi

Saa mbili asubuhi gari la hospitali lilileta dripu na glavu, likaondoka. Nilikuwa dirishani. Dereva wake alimwambia Breki asiulize kama atarudi, maana maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya daraja.

Saa nne daraja lilifunikwa.

Saa saba nilimwendea Sista chumbani kwao, nikasema yote nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alitoka, akakitoa kijisanduku, akaandika juu yake kwa kalamu nene, HAIFAI. Ndipo akauliza, "Ulijua lini kwamba ikiganda imeharibika?"

"Jana."

"Saa ngapi jana?"

"Uliponiambia. Saa nne."

Breki, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, aliacha.

"Kugandisha, Mzee, ni bahati mbaya," Sista alisema. "Lakini leo saa mbili gari la dawa lilikuwa hapo langoni. Ningeliagiza jana jioni, lingekuja nazo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga simu hospitali. Dawa nyingine zitaletwa Ijumaa kwa njia ya daraja la juu, pamoja na gari linalokuja kumchukua mgonjwa wa figo.

Nilimwomba asimwambie mkwe wangu.

"Sitamwambia," alisema. "Hilo ni lako."

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Mkwe anashona. Analalamika mgongo.

Alhamisi, 2 Aprili

Ninaandika katika ukumbi wa hospitali, nyuma ya fomu waliyonipa. Nitainakili nyumbani. Saa ninazoziandika ni sahihi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuziandika.

Saa nne na nusu asubuhi mkwe alisimama kutoka kwenye cherehani na maji yakamwagika sakafuni. Alisema, "Baba, mwite Sista," kama anayeniomba nimletee uzi.

Sista alimpima na kutoka nje kusema na Breki. Niliyasikia. Njia ndefu ni saa moja na nusu, na mtoto hatangoja. Kuzaliwa ndani ya gari linaloruka mashimo ni vibaya kuliko kuzaliwa kitandani. Tutazalishia hapa, kisha tuondoke. Breki alipiga simu hospitali kuomba dawa, akaambiwa gari lao limetoka. Nilimsikia akianza na mahali.

Nilikaa barazani. Saa sita na dakika arobaini mtoto alilia. Ni msichana. Sista alimweka juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Nilianza kushukuru.

Saa saba kasoro dakika tano Sista aliita, "Breki, machela!" Sauti haikupanda, lakini ilikuwa fupi.

Walimtoa mkwe amelala, mtoto kifuani. Shuka lililokuwa chini yake nililiona. Nilisimama kwenye njia yao kama nguzo.

"Mzee, ingia," Sista alisema.

"Mimi?"

"Mikono yangu miwili ina kazi, ya Breki ina usukani. Nataka mtu wa kuhesabu mapigo na kuandika saa. Unaweza au huwezi?"

Niliingia.

Sijapata kumshika mkwe wangu mkono isipokuwa kwa salamu. Leo nilikishika kifundo chake kwa saa moja na nusu. Sista alikuwa amemtundikia dripu. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo ukibana na kusugua, mwingine siandiki ulikuwa wapi. Alilibana tumbo la uzazi kati ya mikono yake miwili, kwa nguvu zake mwenyewe, akifanya ile kazi ambayo sindano ingeifanya. Mtoto alikuwa akinyonya. Sista alisema kunyonya nako hulisaidia tumbo kukunja ngumi.

Saa saba na dakika kumi: mapigo mia na kumi na nne.

Saa saba na robo: mia na ishirini.

Njia ya juu ni mashimo matupu. Breki hakuwasha king'ora kwa kuwa hapakuwa na gari la kupisha. Alikuwa akituambia kila shimo kabla ya kulifikia. "Shimo kushoto! Shikeni. Limepita. Tuta linakuja, pole, pole, limepita." Na kila mara Sista alikaza mabega ili mikono isiteleze.

Saa saba na dakika ishirini na tano: mia na ishirini na nane. Mkono ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Baba," mkwe alisema, "mbona unanong'ona?"

"Ninahesabu."

"Hesabu kwa sauti. Nataka kusikia kama bado nipo."

Nikahesabu kwa sauti.

Saa saba na dakika thelathini na tano: mia na thelathini na sita. Jasho la Sista lilikuwa likidondoka kwenye blanketi. Tangu tutoke uani hakuwa ameachia. Nilimwuliza kama nimpokee.

"Hapa hakuna kupokezana, Mzee. Soma saa."

Saa saba na dakika arobaini na tano: mia na thelathini na nane. Mkwe hakuwa akijibu haraka. Sista alimwita, "Fundi!" akamwuliza gauni la harusi alilokuwa akilishona ni la nani. "La mtu mnene," mkwe alisema. "Halitamwenea." Sista alicheka kwa sauti, na macho yake hayakucheka.

Saa nane kasoro dakika nane Breki alifunga breki. Kweli sikujua kwamba tumesimama. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na mwanamume mwenye koti la mvua akaingia na sanduku la baridi mkononi. Breki alikuwa amepiga simu tena tulipokuwa tukiondoka, akaomba gari la hospitali litoke upande wake lije kutukuta kwenye daraja la juu, badala ya kutungoja. Sindano ilichomwa saa nane kasoro dakika sita. Ya pili iliingia kwenye dripu.

Saa nane: mia na thelathini na nne.

Saa nane na dakika kumi Sista alisema, "Linakunja." Alilisema polepole, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Saa nane na dakika ishirini: mia na ishirini na mbili.

Tulifika hospitali saa nane na dakika arobaini. Wameshampa damu. Daktari amesema ataishi. Mtoto ana kilo mbili na gramu mia tisa.

Sista amekaa mkabala nami, mikono imelala mapajani, viganja juu. Hawezi kushika kikombe. Breki anamnywesha chai.

Ijumaa, 3 Aprili

Dawa zimefika leo, kama walivyosema.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa daktari mkuu: nilichokisogeza, nilipokisogeza, nilipojua, nilipokaa kimya. Sista aliyasoma. Alisema hospitali itamwonya yeye pia, maana dawa hazikupaswa kuwekwa nyumbani kwa mtu.

"Basi nilifute hilo?"

"Usifute kitu."

Alhamisi, 9 Aprili

Maji yameshuka. Mkwe amerudishwa kwa ambulensi kupitia daraja la chini, dakika kumi na nne. Breki alisimama kila penye tope na kumwuliza mtoto kama ameridhika na huduma.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nimemwambia. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala. Nilivuta kiti hadi mlangoni, nikabaki pale.

Nilimweleza kuhusu barafu. Alisikiliza, hata akatabasamu kidogo kwa habari ya taulo. Kisha nikamweleza kuhusu Jumatatu saa nne na Jumanne saa mbili.

Tabasamu liliondoka.

"Ulikuwa dirishani," alisema.

"Nilikuwa dirishani."

"Gari la dawa liko langoni, nami niko kwenye cherehani hapo nyuma yako."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Baba?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yalikuwa sahihi na hayakunifaa. Nikasema, "Niliona haya. Sikuzoea kuwa mimi ndiye niliyekosea."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Alimfunika mtoto vizuri. "Asante kwa kuniambia. Lakini nimekasirika, Baba. Nimekasirika sana, na sijui hasira hii itachukua siku ngapi. Usije kuniomba radhi kila asubuhi. Usiniletee chai ya kunibembeleza. Ikiisha nitakuambia."

Jumatatu, 13 Aprili

Hajasema nami. Nilipopita alinyamazisha cherehani, akangoja nipite, akaendelea.

Jumanne, 14 Aprili

Vilevile. Mwanangu amepiga simu, mkwe amemwambia. Mwanangu hakuomba kusema nami.

Jumatano, 15 Aprili

Breki ameniuliza kama nina homa. Nilimwambia sina. "Basi uko kwenye uangalizi," alisema, akaniachia nusu ya mkate wake. Nilikuwa nikimwona mtu wa mzaha tu. Ninaifuta hukumu hiyo.

Alhamisi, 16 Aprili

Simu moja, mtoto aliyemeza sarafu. Ameitapika mwenyewe kabla hawajafika. Mkwe amenijibu "ndiyo" nilipouliza kama mlango umefungwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Kimya. Kutwa nzima nimekuwa nikijiuliza kimya changu cha siku ile kilikuwa na uzito gani. Huu wa mkwe hauna hila. Kila mtu ndani ya nyumba anajua kwamba upo na sababu yake.

Jumamosi, 18 Aprili

Saa tatu asubuhi nilikuwa uani nikimtazama Sista akikagua gari. Hospitali imewaletea friji ndogo, ameifunga kwa mikanda nyuma ya kiti cha dereva. Aliniuliza kama ninataka kukisoma kipimajoto. Nikakisoma, naye akaandika.

Mkwe alitokea mlangoni, nywele zimetimka, mtoto begani akipiga kelele.

"Baba!"

Niligeuka. Sista alijifanya anatafuta kitu chini ya machela.

"Imeisha?" nilimwuliza.

"Haijaisha yote. Imebaki kidogo." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Lakini sijaoga tangu jana, na mikono yangu imekufa ganzi. Njoo umshike."

Nilinawa mikono, nikaenda.